Nchi za Watoto Wadogo wa Mfalme: Angers, Bourges, Moulins na Dijon kwa Treni

Katika ufalme wa Ufaransa wa zama za kati, kifungua mimba wa mfalme alirithi kiti cha enzi, na wadogo zake wa kiume walipewa majimbo ya kuwatunza. Jimbo la namna hiyo liliitwa apanaji. Aliyepewa alipata pia cheo, mara nyingi cha duki, ambacho katika ngazi za makabaila kilikuwa chini ya mfalme tu. Alikusanya mapato ya ardhi, akateua mahakimu, akajenga kasri na kuweka ofisi yake mwenyewe ya hesabu. Hata hivyo alimwapia mfalme utii, watu wake waliweza kukata rufaa katika mahakama kuu ya mfalme mjini Paris, na ukoo wake ukikatika ardhi ilipaswa kurudi katika milki ya taji.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nilitaka kuyaona majimbo hayo kwa macho yangu. Nafasi ilipatikana mwezi Septemba. Nilichagua familia moja, ya Mfalme Jean wa Pili aliyetawala kuanzia mwaka 1350 hadi 1364, kwa kuwa alikuwa na wana wanne: Charles aliyerithi kiti, Louis aliyepewa Anjou, Jean aliyepewa Berry, na kitinda mimba Philippe ambaye mwishowe alipewa Burgundy. Haya yafuatayo nimeyapanga baada ya kurudi Morogoro, kutoka kwenye daftari, tiketi na picha za simu.

Kwa atakayetaka kufuata njia hii: ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Anza kufuatilia miadi ya viza miezi mitatu kabla ya safari. Treni za kasi hununuliwa mapema kwa sababu bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, lakini nauli za treni za mikoa hazibadiliki sana, na hizo ndizo nilizozitumia zaidi.

Jumamosi: Paris

Mpwa wangu anayesoma Paris alinipokea uwanja wa ndege, tukaacha mizigo kwake, kisha mchana tukaenda mtaa wa Étienne Marcel kuutazama mnara wa Jean sans Peur. Umebanwa na majengo mengine, na mtu asiyeutafuta anaweza kuupita. Ulijengwa kati ya 1409 na 1411 na Duki Jean wa Burgundy, mwana wa yule kitinda mimba Philippe. Ndani kuna ngazi ya mzunguko, na juu yake dari ya mawe imechongwa matawi ya mwaloni kwa ustadi wa ajabu.

Mnara huu ni wa mtu aliyekuwa na sababu ya kuogopa. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1407, watu waliotumwa na Jean walimuua Louis, Duki wa Orléans, katika mtaa wa Vieille-du-Temple. Louis alikuwa ndugu wa tumbo moja wa Mfalme Charles wa Sita, na Jean alikuwa binamu yao. Mfalme mwenyewe alikuwa akishikwa na wazimu tangu 1392, na matawi hayo mawili ya ukoo yaligombania hazina na maamuzi ya ufalme. Baba wa mfalme, Charles wa Tano, aliwahi kuliona tatizo la wadogo wenye nguvu nyingi: mwaka 1374 aliagiza kwamba mwanawe wa pili apewe ardhi ya mapato ya livre 12,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) kwa mwaka na cheo kilicho chini ya duki. Aliaga dunia mwaka 1380, na agizo lake halikushikwa. Louis, ndiye huyo mwana wa pili, alipewa Touraine mwaka 1386, kisha Orléans mwaka 1392.

Jumapili na Jumatatu: Angers

Treni ya kasi huchukua takriban saa moja na nusu. Kasri la Angers linaonekana mara tu unapoukaribia mto Maine: minara 17 minene, yenye mistari ya jiwe jeusi na jiwe jeupe. Ngome hiyo ilijengwa katika miaka ya mwanzo ya Louis wa Tisa, ambaye mwaka 1246 alimkabidhi mdogo wake Charles jimbo la Anjou. Charles huyo hakutosheka na alichopewa. Mwaka 1266 alikwishakuwa mfalme wa Sicily kwa nguvu ya upanga. Kaka yao mwingine, Alphonse wa Poitiers, alipofariki mwaka 1271 bila mtoto, Charles alidai majimbo yake kama mrithi. Mahakama kuu ya Paris ilimkatalia mwaka 1284 ikasema kwamba apanaji isiyo na mtoto wa kuirithi hurudi kwa mfalme, si kwa ndugu. Nilikaa juu ya ukuta wa ngome nikiifikiria hukumu hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu bila hiyo Ufaransa ingeendelea kukatwa vipande kila mfalme alipozaa wana watatu.

Ndani ya kasri ndimo ulimo mfululizo wa mazulia ya ukutani unaoonyesha Kitabu cha Ufunuo. Uliagizwa na Louis wa Anjou, mwana wa pili wa Jean wa Pili, katika miaka ya 1370. Ulikuwa na urefu wa mita 140 hivi, na umebaki kama mita 100. Umetundikwa katika ukumbi wenye mwanga hafifu ili rangi zisizidi kufifia, na hewa humo ni ya baridi, kwa hiyo mtu achukue sweta hata kama nje kuna jua. Nilitembea taratibu, picha moja baada ya nyingine, hadi nilipowakuta vipepeo ambao mabawa yao yamefumwa nembo za Anjou na za Bretagne, nchi ya ukoo wa mkewe. Katikati ya maono ya Yohana, duki ameweka jina la nyumba yake bila kuandika neno.

Louis huyu ndiye aliyekuwa dhamana kwa Waingereza ili fidia ya baba yake, waliyekuwa wamemteka vitani, ilipwe, akatoroka mwaka 1363. Baba yake aliona aibu, akarudi London kwa hiari, akafia huko Aprili 1364. Louis naye alikwenda kuutafuta ufalme wa Naples akafa huko Italia mwaka 1384. Anjou ilibaki kwa wazao wake mpaka ukoo ulipokwisha: Duki René alifariki mwaka 1480, mpwa wake aliyemrithi akafariki mwaka 1481, na Mfalme Louis wa Kumi na Moja akaichukua nchi yote. René aliyaachia kanisa kuu la mji yale mazulia. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa yalikatwa vipande vikatumika hata kufunikia miti ya michungwa wakati wa baridi, na padri mmoja, Joubert, ndiye aliyevikusanya tena katika karne ya 19.

Jumapili jioni, nikiwa kituo cha basi nikizungumza na mpwa wangu kwa simu, mama mmoja alinikaribia akaniuliza, "Papa, unatoka Bukavu ao Goma?" Nilipomwambia ninatoka Tanzania alicheka kwa furaha akanipeleka kwenye mgahawa wake mdogo, akanipakulia wali, samaki na sombe. Alikubali malipo ya chakula, euro 12, lakini ya chai aliyakataa kabisa. Alikuwa ameishi Angers tangu miaka ya tisini, na watoto wake wamezaliwa huko. Alinieleza pia kwamba chumba nilichokuwa nimelipia kiko mbali na kituo, akampigia rafiki yake mwenye nyumba ya wageni karibu na kanisa kuu. Usiku wa pili nilihamia huko kwa euro 48 pamoja na kifungua kinywa.

Jumanne na Jumatano: Bourges

Kutoka Angers nilibadilisha treni Tours, na safari ilikuwa tambarare tupu ya mashamba yaliyovunwa.

Bourges ulikuwa mji mkuu wa Jean, Duki wa Berry. Mwaka 1360 alipoteza Poitou, ambayo baba yake alilazimika kuwapa Waingereza katika mkataba wa Brétigny, akafidiwa kwa Berry na Auvergne. Kati ya ndugu wote huyu ndiye aliyependa vitu vizuri kuliko vita: vito, wanyama, majengo na vitabu vya sala vyenye picha. Kitabu chake mashuhuri zaidi, kilichochorwa na ndugu watatu wa Limbourg, kiko Chantilly, kaskazini mwa Paris. Fedha za haya yote zilitoka kwa wakulima wa Berry, Auvergne na Languedoc, na hilo lisisahaulike mtu anapostaajabia rangi za buluu na dhahabu.

Kilichobaki Bourges ni kidogo. Sehemu ya jumba lake imo ndani ya majengo ya serikali ya mkoa. Kanisa lake la kasri, lililozinduliwa mwaka 1405 ili liwe kaburi lake, lilibomolewa mwaka 1757. Nilisimama mahali lilipokuwa nikajaribu kulipima kwa macho, lakini kuna mtaa wa kawaida tu. Sanamu yake ya kaburini ilihamishiwa katika kanisa kuu la Saint-Étienne, chini kwa chini, pamoja na baadhi ya vioo vya rangi kutoka katika kanisa lililobomolewa. Amelala juu ya jiwe jeusi, uso wake ni wa mzee aliyenenepa, na miguuni kuna dubu aliyefungwa mdomo. Aliyenitembeza huko chini, mzee aliyestaafu ualimu, alipojua kwamba nami ni mwalimu alibaki nami baada ya kundi kuondoka, akaniwashia taa yake mkononi ili niione mikunjo ya vazi la duki.

Jean alifariki mwaka 1416, na wanawe wote wa kiume walikuwa wamemtangulia. Berry ilirudi kwa taji, lakini ilitolewa tena na tena. Mwaka 1461 Louis wa Kumi na Moja alimpa mdogo wake Charles. Miaka minne baadaye makabaila walipomwasi mfalme, walimweka kijana huyo mbele ya uasi wao, na mfalme akalazimika kumpa Normandy, jimbo tajiri kupita kiasi, kisha akamnyang'anya. Charles alipewa Guyenne mwaka 1469 na akafariki mwaka 1472. Mfalme hakuona tena ndugu wa kumpa ardhi, na kwa utawala wake hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Kuhusu chakula, agiza dengu za kijani za Berry pamoja na jibini ya mbuzi ya Chavignol. Mlo wa mchana wa bei maalum karibu na soko ulinigharimu euro 15, ilhali jioni mahali hapohapo ungekuwa karibu mara mbili.

Alhamisi: Moulins, na usiku wa Nevers

Nilipita Moulins kwa saa chache kwa sababu ya hati moja. Mwezi Februari 1566, Charles wa Tisa akiwa katika mji huo pamoja na waziri wake mkuu wa sheria Michel de L'Hospital, ilitolewa amri kwamba ardhi ya taji haiwezi kuuzwa wala kutolewa, isipokuwa kwa mambo mawili: fedha za vita, ambapo mfalme hubaki na haki ya kuikomboa, na apanaji ya watoto wadogo wa kiume wa nyumba ya Ufaransa, ambayo hurudi wakifa bila mwana. Yaani kile kilichoamuliwa kesi kwa kesi tangu 1284 kikawa sheria ya ufalme mzima. Mji wenyewe ni mtulivu. Mabaki ya kasri la maduki wa Bourbon ni mnara mkubwa wa mraba, na katika kanisa kuu kuna mchoro wa mbao tatu wa mwaka 1500 hivi ambao mtu asiukose.

Jioni upepo uliangusha mti juu ya reli. Tulisimama katikati ya malisho ya ng'ombe kwa zaidi ya saa mbili, na nilipofika Nevers treni ya mwisho ya kwenda Dijon ilikuwa imeondoka. Mama mmoja mwenye duka la mikate, aliyekuwa akifunga, aliiona mizigo yangu akanielekeza kwa jirani yake anayekodisha vyumba. Nililipa euro 52, na mwenye nyumba aliamka saa kumi na moja asubuhi kunichemshia kahawa nisikose treni. Nevers nayo ina sehemu yake katika habari hii. Philippe wa Burgundy alifanya kwa watoto wake kama baba yake alivyofanya kwake: mkubwa aliachiwa Burgundy na Flanders, na wa mwisho akapewa Nevers. Huyo wa mwisho aliuawa katika mapigano ya Agincourt mwaka 1415 pamoja na kaka yake Antoine wa Brabant.

Panga njia hii ukiacha siku moja ya akiba. Treni za kuvuka nchi kutoka magharibi kwenda mashariki ni chache, na ukikosa moja huenda ukalala njiani.

Ijumaa hadi Jumapili: Dijon

Treni hupita Beaune, penye hospitali ya mwaka 1443 iliyoanzishwa na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa maduki, na watalii wengi hushuka hapo. Mimi niliendelea hadi Dijon.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Philippe alikuwa na miaka 14 alipobaki kando ya baba yake katika mapigano ya Poitiers mwaka 1356 wakati kaka zake walipoondolewa uwanjani. Wawili hao walitekwa pamoja wakapelekwa Uingereza. Ukoo wa zamani wa maduki wa Burgundy ulipokwisha mwaka 1361, Jean wa Pili aliichukua nchi kama jamaa wa karibu, na Septemba 1363 akampa kitinda mimba wake. Ni zawadi ya baba kwa mtoto aliyekataa kumwacha, nami siwezi kuilaumu.

Nilipitia Notre-Dame kwanza, kuona saa yenye sanamu ya mwanamume anayegonga kengele, ambayo Philippe aliichukua Courtrai baada ya vita vya mwaka 1382. Wenyeji huligusa jiwe lenye umbo la bundi ukutani kwa mkono wa kushoto wakiomba heri. Mama mmoja mwenye mjukuu alinishika mkono akanionyesha namna. Kisha niliingia jumba la maduki, ambalo sehemu yake ni jumba la makumbusho ya sanaa. Mikusanyo ya kudumu hutazamwa bure, lakini hufungwa Jumanne. Katika ukumbi wa walinzi yamo makaburi mawili. La Philippe lilichukua takriban miaka 30, kuanzia 1381 hadi 1410, na aliyeliongoza zaidi ni mchongaji Claus Sluter. Chini ya jiwe jeusi wanazunguka waombolezaji wadogo wa alabasta, wengine wamefunika nyuso, mmoja anafuta machozi, mwingine ameinua kichwa kama anayeimba. Nilipiga magoti ili niwe sawa nao. Makaburi hayo yalivunjwa wakati wa mapinduzi na kuunganishwa tena katika karne ya 19, kwa hiyo kila kimoja unachokiona kimeokolewa.

Jumamosi nilikwenda kwa miguu hadi Champmol, nyumba ya watawa ambayo Philippe aliianzisha mwaka 1383 iwe mahali pa kuzikwa ukoo wake. Sasa ni eneo la hospitali, kwa hiyo mtu atembee kimya. Kisima cha Musa, cha Sluter vilevile, kimehifadhiwa chini ya paa: manabii sita wakubwa kuliko mtu, Musa, Daudi, Yeremia, Zekaria, Danieli na Isaya. Mlinzi alinipa muda zaidi ya uliopangwa, na ada ya kiingilio ilikuwa ndogo.

Swali lililonileta ni hili: kwa nini Anjou na Berry zilirudi kwa utulivu, na Burgundy ikakaribia kuwa ufalme unaojitegemea? Wengi humlaumu Jean wa Pili kwa kugawa jimbo hilo. Baada ya kuziona nchi zote tatu naamini uzito uko kwa kaka mkubwa, Charles wa Tano, anayesifiwa kwa hekima. Yeye ndiye aliyemtafutia Philippe mke, Marguerite, mrithi wa Flanders, ili asiolewe na mwana wa mfalme wa Uingereza. Harusi ilifanyika Ghent mwaka 1369, na bei yake ilikuwa Lille, Douai na Orchies, ambazo Philippe aliahidi kwa siri kuzirudisha. Zilibaki mikononi mwa kizazi chake. Mkwewe alipofariki mwaka 1384, Philippe akawa bwana wa Flanders, Artois na Franche-Comté. Apanaji peke yake ingemtunza duki wa kawaida. Miji ya wafumaji wa Flanders ndiyo iliyowapa wajukuu wake fedha za kushindana na mfalme.

Jumapili nilipanda mnara wa Philippe le Bon, mjukuu wa Philippe, ngazi 316, pamoja na kiongozi wa ziara. Kutoka juu unaona mapaa ya vigae vya rangi na mwanzo wa mashamba ya mizabibu, ambayo Philippe wa kwanza aliyawekea amri mwaka 1395 akikataza aina ya mzabibu iitwayo gamay. Kitukuu chake Charles le Téméraire alitaka taji kamili; mazungumzo yake na Kaisari Frederick wa Tatu huko Trier mwaka 1473 yalivunjika, na tarehe 5 Januari 1477 aliuawa mbele ya Nancy. Aliacha binti mmoja, Marie. Upande wake ulisema kwamba hati ya 1363 haikuwafungia mabinti mlango. Louis wa Kumi na Moja akasema apanaji isiyo na mwana imekwisha, akatuma jeshi Dijon. Jimbo lenyewe la Burgundy lilirudi kwa mfalme, lakini Flanders haikuwa apanaji, na Marie aliipeleka kwa mumewe Maximilian wa Austria. Vita vya kugombania urithi huo viliendelea kwa wajukuu, hadi mkataba wa Cambrai wa 1529.

Jumatatu: Paris tena

Nikiwa na saa chache kabla ya ndege, nilikwenda Palais-Royal. Jumba hili Louis wa Kumi na Nne aliliongeza mwaka 1692 katika apanaji ya mdogo wake Philippe wa Orléans, aliyekuwa amepewa nchi hiyo mwaka 1661. Mapinduzi yalizifuta apanaji mwaka 1790. Ya Orléans ilirudishwa mwaka 1814, na Louis-Philippe alipokuwa mfalme mwaka 1830 iliungana na milki ya taji, na utaratibu wote ukafutwa katika sheria ya mwaka 1832. Bustani iko wazi kwa umma bila malipo, na ndani ya majengo leo kuna Baraza la Nchi, Baraza la Katiba na Wizara ya Utamaduni. Ukija na mizigo, iache kwanza katika kituo kikuu cha treni, kwa kuwa sikuona mahali pa kuihifadhi hapo.